Ngoma ya mtemi ilivyobaki bila mtemi

Mtemi wa Kisukuma alikuwa mtawala, hakimu na mwombaji wa mvua kwa watu wake. Alikuwa pia mlezi wa utamaduni, na kazi hii haikuwa pambo la cheo. Ngoma za enzi zilitunzwa ikuluni kwake, wahunzi na wachongaji walimpelekea kazi zao bora, na mikusanyiko mikubwa ya wachezaji ilifanyika kwa ridhaa yake. Katika eneo ambalo leo lina mikoa ya Shinyanga, Simiyu, Mwanza na sehemu ya Geita, tawala za aina hiyo zilifika takribani 50. Baadhi zilikuwa kubwa, kama Nera, Bukwimba, Ntuzu na Mwagala, na nyingine ndogo kiasi kwamba mtu aliweza kuzivuka kwa miguu kati ya asubuhi na jioni. Busiya, ambayo maandishi ya wakoloni huiita Usiha, iko katika Wilaya ya Kishapu ya sasa, na jina la ukoo wake wa kitemi, Makwaia, ndilo lililovuma kuliko mengine yote ya Shinyanga katika karne ya 20.

Utemi haukurithiwa kwa urahisi. Kwa desturi ya zamani mtoto wa mtemi hakuwa mrithi. Enzi ilikwenda kwa mtoto wa dada yake, kwa sababu damu ya upande wa mama haikuwa na shaka. Aliyechagua miongoni mwa warithi waliostahili ni baraza la wazee lililoitwa banang'oma, wenye ngoma, na baraza hilohilo liliweza kumwondoa. Ukame ulioendelea misimu kadhaa ulitosha kumvua mtemi enzi, maana aliaminika kuwa na dhamana ya mvua, hata kama kazi yenyewe ilifanywa na waganga wa mvua aliowaita kutoka mbali na kuwalipa ng'ombe. Chini yake walikuwapo banangwa, waliosimamia maeneo, na vijana wa kijiji, basumba, walikuwa na kiongozi wao waliyemchagua wenyewe, ambaye mtemi hakuweza kumpuuza. Wanawake nao waliwahi kushika enzi. John Hanning Speke, aliyepita sehemu hizi mwaka 1858 akielekea ziwa ambalo baadaye alilipa jina la malkia wa Uingereza, alipokewa na mtawala mwanamke huko Unyambewa, na aliandika jinsi mama huyo alivyomkagua kwa udadisi, nguo na viatu.

Mwenye ngoma ndiye mwenye nchi. Ngoma kubwa za enzi zilikuwa na nyumba yake na watunzaji wake, na hazikupigwa ovyo. Zilitangaza mtemi mpya, ziliita watu vitani au kwenye tambiko, na mtemi alipofariki zilinyamaza. Aliyetaka kupokonya utawala alitafuta kwanza kuzimiliki ngoma, kwa kuwa mtu asiye nazo hangeweza kudai kuwa mtemi halali mbele ya banang'oma. Pamoja na ngoma vilikuwapo viti vya enzi, mikuki ya heshima, usinga, bangili, ngozi za simba na chui, na makombe ya baharini yaliyosafiri na misafara ya biashara kutoka pwani na kuvaliwa na mtemi kama alama ya enzi. Simba aliyeuawa popote katika nchi, ngozi yake ilikuwa ya mtemi; muuaji aliipeleka ikuluni kwa shangwe akarudi na zawadi.

Kiti kimoja kinatosha kuonyesha ufundi uliozunguka enzi za namna hii. Kilitoka Buruku, upande wa Unyamwezi, kwa majirani na ndugu wa Wasukuma. Kimechongwa katika gogo moja: kalio la duara, miguu mitatu iliyopinda, na mgongo mrefu ambao juu yake fundi amechonga umbo la mtu, mwili wake ukiwa umelala kwenye ubao wa mgongo na kichwa kikichomoza juu kabisa. Mtemi alipoketi, umbo hilo lilikuwa nyuma yake likitazama watu juu ya kichwa chake. Jina la fundi halikuandikwa. Wajerumani walikichukua mwaka 1898, na kiti hicho ni mali ya makumbusho ya Berlin hadi sasa, kikionyeshwa katika vitabu vingi vya sanaa ya Afrika kama mojawapo ya kazi kubwa za uchongaji wa bara hili.

Chuma kilikuwa na njia yake. Katika nchi ya Wazinza, magharibi mwa Usukuma, kwenye milima na misitu ya upande wa Geita na Biharamulo, waliishi Warongo, mafundi waliochimba mawe ya chuma, wakayayeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe. Jembe la Mrongo lililima Usukuma yote. Lilitolewa mahari, lilibadilishwa kwa mbuzi na nafaka, na lilipelekwa kwa watawala kama kodi. Watu wengi wanaijua Geita kwa dhahabu, lakini mgodi wa kibiashara wa dhahabu ulianza huko miaka ya 1930 tu. Kwa vizazi vingi kabla ya hapo, utajiri uliotoka katika ardhi hiyo ulikuwa chuma.

Sanaa iliyostawi kuliko zote ilikuwa ngoma yenyewe, yaani mbina, na hapa utemi ulikutana na nguvu isiyokuwa yake. Katikati ya karne ya 19 walitokea waganga na wachezaji wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu, na tangu hapo Usukuma nzima ikagawanyika katika pande hizo mbili, kijiji kwa kijiji, na wakati mwingine nyumba kwa nyumba. Baada ya mavuno, kuanzia Juni, kila upande ulileta kundi lake uwanjani. Makundi mawili yalicheza kwa wakati mmoja, mkabala, na mshindi alikuwa yule aliyevutia watazamaji wengi zaidi. Hapakuwa na mwamuzi wala alama za karatasi. Umati ulihama kwa miguu yake kutoka upande huu kwenda upande ule, na kila aliyekuwapo aliona nani ameshindwa.

Kwa kuwa ushindi ulitegemea umati, kila mbinu ilitumika. Manju walitunga nyimbo za kejeli dhidi ya wenzao, wakawataja kwa majina, wakafichua aibu za koo zao. Waganga walitoa dawa za mvuto. Wengine walileta wanyama: chatu aliyezungushwa shingoni na Bagoyangi, wataalamu wa nyoka, au nungunungu wa Banunguli, wawindaji waliojua kuingia ndani ya mashimo yake. Kundi la wakulima lilicheza na majembe, likiyarusha hewani na kuyadaka kwa mdundo uleule uliotumika shambani. Hiyo ndiyo bugobogobo, inayotambulika leo Tanzania nzima. Mchezaji mashuhuri aliweza kuwa na jina kubwa kuliko la mtemi. Mwanamalundi, aliyefariki mwaka 1936, alianza kufahamika kama mcheza ngoma kabla hadithi za miujiza yake hazijaenea, na watawala wa Kijerumani walimwogopa kiasi cha kumkamata na kumpeleka uhamishoni mbali na kwao. Mtemi mwenye busara alikaa vizuri na watu wa aina hii. Uwanja, chakula cha wageni na ulinzi vilitoka kwake, na manju aliyeshiba ikuluni aliondoka na wimbo wa sifa. Aliyenyimwa aliondoka na wimbo wa aina nyingine.

Ghala la mtemi lilikuwa sehemu ya ulezi huo. Vijana walilima shamba lake kwa zamu, wakiimba, na mavuno yalitumika kulisha wageni, wachezaji na wenye njaa katika mwaka mbaya. Si kila mtemi alikuwa mkarimu, na wapo waliokula peke yao. Hata hivyo watu walijua kipimo cha kumpimia, na banang'oma walikuwa na njia ya kumfikishia.

Utawala wa Waingereza ulibadili kipimo hicho. Sheria ya utawala wa wenyeji ya mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, ilimfanya mtemi kuwa mtumishi wa serikali mwenye mshahara, mahakama, karani na daftari la kodi. Tangu hapo aliyeweza kumwondoa ni bwana shauri, ofisa wa kikoloni wa wilaya, na banang'oma wakabaki na heshima pasipo nguvu. Urithi nao ukahama: ukatoka kwa mtoto wa dada ukaenda kwa mtoto wa kuzaa, jambo lililowafaa watawala waliotaka kijana waliyemsomesha wenyewe. Watoto wa watemi walipelekwa shule ya serikali ya Tabora. Wakati huohuo serikali ilimtuma Hans Cory, mtafiti mzaliwa wa Austria, kuandika mila ambazo siasa yake ilikuwa inazilegeza. Kitabu chake juu ya taratibu za kumsimika mtemi kilitoka mwaka 1951, kikifuatiwa na cha sheria na mila za Wasukuma mwaka 1953. Bila Cory mengi yangepotea. Ni kweli pia kwamba aliandika kwa ajili ya maofisa, na mambo ya ikulu yaliyokuwa siri ya wachache yakawa kwenye rafu za ofisi ya bwana mkubwa wa wilaya.

Kidaha Makwaia alizaliwa katika mazingira hayo mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Makwaia wa Busiya. Alisoma Tabora na Makerere, akarudi kushika utemi katikati ya miaka ya 1940. Mwaka 1945 yeye na Mangi Abdiel Shangali wa Machame wakawa Waafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Alikuwa na miaka 23. Mwaka uliofuata watemi wa Usukuma waliunganishwa katika shirikisho lenye makao yake Malya, Kwimba, ambako kila mtemi alikaa kwenye kiti cha mkutano akisikiliza mipango ya mifugo, mmomonyoko wa udongo na pamba. Kidaha alibatizwa Mkatoliki na kuitwa David. Kati ya 1953 na 1955 alikuwa Mwafrika pekee katika Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki iliyoongozwa na Sir Hugh Dow. Ripoti ya tume hiyo ilipendekeza ardhi iwe mali ya mtu mmoja mmoja. Mtemi, ambaye cheo chake kilisimama juu ya haki ya kugawa ardhi ya wote, aliweka sahihi chini ya pendekezo ambalo lingekifanya cheo hicho kisiwe na maana. Huenda aliona mbali kuliko wenzake, au alikuwa amekwisha kuwa mtu wa ulimwengu mwingine. Alama zipo za yote mawili.

Kwa mujibu wa mwanahistoria Mohamed Said, wanasiasa wa Dar es Salaam, akiwamo Abdulwahid Sykes, walimfikiria Kidaha kuwa kiongozi wa chama cha TAA kabla ya Julius Nyerere. Hakuikamata nafasi hiyo. Katikati ya miaka ya 1950 aliuacha utemi, ukashikwa na ndugu yake Hussein.

Wakati huo ikulu nyingi za Usukuma zilikuwa zimeanza kuchukiwa. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ulileta amri za kupunguza mifugo, kulima matuta na kupanda miti, na aliyetoza faini ni mtemi. Nyimbo za wakulima zilizomsifu baba zilimgeukia mwana. Chama cha TANU kilinyimwa kibali cha kuandikishwa Usukuma kuanzia mwaka 1954 hadi 1958, lakini vyama vya wakulima wa pamba alivyoviongoza Paul Bomani, na vikundi vya ngoma, havikuweza kuzuiwa kukusanyika, na ujumbe ukasafiri kupitia humo. Mwaka 1958 Geita ililipuka. Serikali ilikuwa imeunda baraza la wilaya la watu wa rangi zote, watemi wakaliunga mkono, na wananchi wakalikataa. Maelfu walikusanyika, wengine wakatembea hadi Mwanza kudai kusikilizwa. Serikali ikalazimika kurudi nyuma. Watemi waliokaa upande wa baraza hawakupata tena sauti waliyokuwa nayo.

Kwa hiyo Tanganyika huru ilipofuta vyeo vya machifu mwaka 1963, hapakuwa na vita Usukuma. Baadhi ya waliokuwa machifu waliingia serikalini au ubalozini. Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alikuwa waziri, Michael Lukumbuzya wa Ukerewe akawa balozi. Kidaha Makwaia aliishi hadi Machi 2007. Sheria hiyo ilifuta cheo, mshahara na mahakama. Haikusema neno juu ya ngoma, viti na ngozi zilizokuwa ikuluni, na pengo hilo ndilo lililogharimu zaidi. Mali ya enzi ikawa mali ya nani? Ya ukoo, ya kijiji, au ya taifa? Pasipo jibu, vitu vingine vililiwa na mchwa, vingine vikauzwa kwa wapita njia, na operesheni ya vijiji ya mwaka 1974 ikahamisha watu na kuacha magofu ya ikulu nyingi porini.

Japani ilipitia njia ya namna hiyo miaka 92 kabla ya sheria hiyo ya 1963. Mwaka 1871 serikali mpya ya Tokyo ilifuta milki za daimyo, mabwana waliotawala majimbo kwa karne kadhaa na waliokuwa walezi wa mashairi, sherehe za chai na tamthilia ya noh. Mmoja wao, Hosokawa Yūsai, alizingirwa katika ngome ya Tanabe mwaka 1600. Mfalme mwenyewe aliingilia kati kumwokoa, kwa kuwa Yūsai ndiye aliyekuwa mjuzi wa mapokeo ya siri ya ushairi wa kale, na kifo chake kingekata mnyororo wa elimu hiyo. Milki zilipofutwa, mabwana wa Japani walibaki na hazina zao. Jumba la sanaa la ukoo wa Tokugawa lilifunguliwa Nagoya mwaka 1935, na mali za akina Hosokawa ziliwekwa chini ya taasisi ya Eisei Bunko mwaka 1950. Walikuwa na maandishi, majengo na fedha. Mtemi wa Kisukuma alikuwa na nyumba ya nyasi na wazee waliokumbuka.

Mlezi mpya wa hazina za Usukuma alitoka mahali ambapo hakuna aliyemtazamia. Padri David Clement, Mkanada wa Shirika la White Fathers, alifika Bujora, Kisesa, katika miaka ya 1950, akaanza kukusanya. Pamoja na wazee na vijana wa kamati ya utafiti wa utamaduni wa Kisukuma alizunguka kwa watemi wa zamani akiomba vitu vya enzi vitunzwe kwa niaba yao. Kanisa la Bujora lilijengwa kwa umbo la nyumba ya mtemi, madhabahu yake ikafuata kiti cha enzi, na ngoma zikapigwa ibadani. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1968. Jengo la hazina za watemi lina umbo la kiti cha enzi, na ndani yake zimepangwa ngoma za tawala mbalimbali, kila moja na asili yake. Jambo hili lina utata wake: misioni zilizowahi kukemea ngoma kama ushenzi ndizo zilizoziokoa, na chombo kilichotakiwa kulia sasa kiko kimya nyuma ya kamba. Lakini ngoma zilizobaki nje ya Bujora ni chache, na anayelalamika lazima aseme ziko wapi zile alizozitunza mwenyewe.

Bujora pia ilirudisha mashindano. Sherehe ya Bulabo, inayofanyika kila Juni sambamba na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, huwakutanisha tena Bagika na Bagalu, na umati bado ndio unaoamua. Serikali kwa upande wake iliunda wizara ya utamaduni wa taifa mwishoni mwa mwaka 1962, na kundi la taifa la ngoma likaichukua bugobogobo hadi majukwaa ya ng'ambo. Huko ilifupishwa ikawa onyesho la dakika chache, na mpinzani akaondolewa. Ngoma ya Kisukuma isiyo na upande wa pili ni nusu ya ngoma.

Cheo chenyewe nacho hakikufa kwa amri. Mapema miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi katika Shinyanga na Kahama, wanakijiji waliunda sungusungu, wakajipa sheria, viapo, na viongozi. Kiongozi mkuu wa kikundi walimwita mtemi. Hakuwa wa ukoo wowote wa enzi, hakuwa na ngoma, na serikali ilichukua muda kuamua kama imkamate au imshukuru. Tarehe 8 Septemba 2021, huko Magu, Rais Samia Suluhu Hassan alisimikwa na machifu kuwa mkuu wao kwa jina la Chifu Hangaya. Miaka 58 baada ya dola kuwafuta, mkuu wa dola alivaa mavazi yao.

Vitu vingi vya enzi bado viko majumbani mwa koo za kitemi, Kishapu, Maswa, Kwimba na Geita, chini ya uangalizi wa wazee. Orodha kamili yake haigharimu zaidi ya daftari, kamera na ridhaa ya familia, na ofisi za utamaduni za halmashauri zinaweza kuifanya kwa kushirikiana na Bujora kabla ya wanaojua majina ya ngoma hizo kutoweka. Anayetaka kuona mila hizi zikiwa hai ana nafasi mbili kila mwaka: Bulabo, Kisesa, mwezi Juni, na tamasha la Sanjo ya Busiya, Negezi katika kata ya Ukenyenge, Kishapu, mwezi Julai.